Saruji ndani ya mfupa: ni mvunjiko upi wa mgongo unaohitaji tiba hii?

Pingili ya mgongo haihitaji ajali ili ivunjike. Kwa mtu ambaye mifupa yake imedhoofika, kuinua ndoo, kukohoa kwa nguvu, kukaa kitini kwa kishindo au kujigeuza kitandani kunatosha. Maumivu huja ghafla, tena makali, na hukaa mahali pamoja kiasi kwamba mtu anaweza kukuonyesha kwa kidole. Akilala na kutulia yanapungua. Akijaribu kuamka yanamshika upya mpaka pumzi inakatika. Mivunjiko mingi ya aina hii haitambuliwi kabisa. Inakadiriwa kwamba ni kama theluthi moja tu inayojulikana hospitali, kwa sababu mgonjwa na ndugu zake huona ni mgongo wa uzee, wanachua dawa na kungoja upoe.

Kwa baadhi ya wagonjwa hawa ipo tiba inayoshangaza ukiisikia mara ya kwanza. Daktari anapitisha sindano nene kwenye ngozi, anaifikisha katikati ya mfupa uliovunjika, kisha anasukuma saruji. Saruji inakauka humo humo, na mara nyingi mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wapo wanaosema imewainua kitandani. Wapo watafiti wanaosema haizidi tiba ya kuigiza, yaani kufanyiwa kila kitu isipokuwa kuwekewa saruji. Kila upande una takwimu zake, na takwimu hizo ni za kweli.

Naamini sehemu kubwa ya ubishi huu inatokana na swali kuulizwa vibaya. Watu huuliza kama saruji inafanya kazi au haifanyi. Swali lenye faida kwa mgonjwa ni jingine: je, maumivu haya yanatoka kwenye mvunjiko huu, na je, mvunjiko huu bado haujaunga? Ukilishika swali hilo, tafiti zinazoonekana kupingana zinaanza kueleweka.

Kinachovunjika

Pingili ina sehemu mbili kubwa. Mbele kuna mwili wake, bonge la mfupa linalobeba uzito. Nyuma kuna upinde wa mfupa unaozunguka njia ya ugwe mgongo na mishipa ya fahamu. Mwili na upinde vimeunganishwa na vishikizo viwili vifupi vya mfupa, kimoja kushoto na kingine kulia. Tutavirudia vishikizo hivyo, maana ndiyo njia ya sindano.

Ndani ya mwili wa pingili hakuna mfupa mgumu uliojaa. Kuna wavu wa vijiti vyembamba vya mfupa, na katikati yake uboho. Osteoporosisi, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa mifupa, huvila vijiti hivyo: vinapungua, vinakonda, vingine vinakatika na kupoteza mshikamano na wenzake. Siku uzito ukizidi nguvu iliyobaki, mwili wa pingili unabonyea, mara nyingi upande wa mbele, na kubaki na umbo la kabari. Pingili kadhaa zikibonyea hivyo, mtu anapungua kimo na kuota kibiongo. Eneo linaloumia zaidi ni pale mgongo wa kifuani unapokutana na kiuno, kwenye pingili ya 12 ya kifua na ya kwanza ya kiuno. Hapo sehemu iliyoshikiliwa na mbavu inakutana na sehemu inayopinda kwa uhuru, na mzigo wote wa mwendo unaishia hapo.

Osteoporosisi ndiyo chanzo kikubwa, lakini si pekee. Dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi, tezi dume au mapafu huweza kuila pingili kwa ndani, na vivyo hivyo maieloma, saratani inayoanzia kwenye uboho.

Mvunjiko mpya unauma kwa sababu vipande vidogo vinasogea na kusuguana kila mtu anapobadili mkao, na utando unaoufunika mfupa una neva nyingi. Kwa wengi mfupa huunga wenyewe, na maumivu hupungua sana ndani ya wiki 6 hadi 12. Hilo liwekwe akilini tangu sasa, kwa kuwa tiba yoyote ya mivunjiko hii inashindana na mfupa ambao tayari unajitibu.

Tatizo ni namna wiki hizo zinavyopita. Mzee anayelazwa kitandani kwa maumivu hupoteza misuli haraka, na mifupa yake inazidi kudhoofika kwa kukosa kazi. Mapafu hayafunguki vizuri, damu inaweza kuganda miguuni, ngozi inachubuka na kuwa vidonda. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini humfunga choo, humchanganya akili na kumfanya apepesuke anaposimama, kisha anaanguka na kuvunjika mahali pengine. Kwa mtu wa miaka 82, wiki 8 za namna hiyo zinaweza kumwondolea uwezo wa kujitegemea asiupate tena. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kwa kuwa mfupa utaunga tu, basi hakuna haja ya kufikiria kingine.

Saruji ilivyoingia

Mwaka 1984, mjini Amiens nchini Ufaransa, madaktari Pierre Galibert na Hervé Deramond walikuwa na mgonjwa mwanamke mwenye maumivu makali ya shingo. Pingili yake ya pili ya shingo ilikuwa imeliwa na hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio wa saratani. Walijaza pengo lile kwa saruji ya mifupa kupitia sindano, na maumivu yakatulia. Walichapisha taarifa ya kazi yao mwaka 1987. Baada ya hapo madaktari wengine wakaanza kuitumia njia hiyo kwa pingili zilizobonyezwa na osteoporosisi, na jina la vetebroplasti likaenea.

Saruji yenyewe haikuwa ngeni. Si ile ya kujengea nyumba. Ni plastiki ngumu iitwayo polimethili methakrileti, ya jamii ya akriliki, ambayo daktari wa upasuaji John Charnley wa Uingereza alianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1950 kushikiza viungo bandia vya nyonga. Huja katika vifungashio viwili, unga na kimiminika. Vikichanganywa vinaanza kuitikiana, vinatoa joto, na baada ya dakika chache vinakuwa vigumu. Ndani ya unga huwekwa madini ya bari ili saruji ionekane kwenye eksirei.

Kwa nini inapunguza maumivu? Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya kimakanika: saruji inaingia kwenye nafasi za ule wavu, inavishika vipande, na ule msogeo mdogo unaouma unakoma. Wengine wameongeza kwamba joto la saruji, au kemikali yake, linaua ncha za neva zilizo karibu. Maelezo ya kwanza yana mantiki zaidi kwangu, kwa sababu yanaeleza pia kwa nini mvunjiko uliokwisha kuunga haunufaiki: hauna tena kinachosogea.

Ndani ya chumba cha tiba

Mgonjwa analazwa kifudifudi, mito ikiwekwa chini ya kifua na nyonga. Kwa mtu mwenye mgongo uliovunjika hatua hii peke yake ni mtihani, na wauguzi wazuri humgeuza taratibu wakiwa wawili au watatu. Mara nyingi hapewi dawa ya usingizi mzito. Anapewa dawa ya kumtuliza kupitia mshipa, na ganzi inachomwa kuanzia kwenye ngozi hadi kwenye utando wa mfupa. Wagonjwa wenye maumivu makali mno, au wanaotibiwa pingili nyingi kwa mpigo, huweza kulazwa usingizi kabisa.

Juu yake kuna mashine ya eksirei inayotoa picha mbashara. Daktari anataka kuiona pingili kutoka mbele na kutoka ubavuni, na hatasukuma chochote kabla picha hizo mbili hazijawa safi. Kwenye picha ya mbele kila kishikizo kinaonekana kama duara dogo la yai. Ncha ya sindano inalengwa kwenye duara hilo, kisha inagongwa kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, huku jicho likiwa kwenye skrini. Sindano ikivuka ukingo wa ndani wa duara kabla ya kufika kwenye mwili wa pingili, imeingia kwenye njia ya neva. Ikibaki ndani ya duara mpaka ivuke kishikizo chote, imefika salama. Inaendelezwa hadi theluthi ya mbele ya mwili wa pingili, na hapo inasimama.

Sasa ndipo saruji inachanganywa. Harufu yake ni kali na hujaa chumbani mara moja. Ikiwa nyepesi mno itakimbilia kwenye mishipa ya damu. Ikikauka mno haitapita kwenye sindano. Daktari anaisubiri mpaka iwe nzito kama dawa ya meno, kisha anaisukuma kwa vipimo vidogo, akitazama doa jeusi likitanuka kwenye skrini. Likielekea ukuta wa nyuma wa pingili, anaacha. Likionekana kuchora mstari mwembamba unaokimbia, ujue limeingia kwenye mshipa wa damu, naye anaacha pia. Kwa kawaida mililita chache tu zinatosha kwa pingili moja, na kujaza zaidi kwa ajili ya picha nzuri ni kujitafutia madhara. Sindano inatolewa, tundu linafunikwa kwa plasta bila hata uzi mmoja, na mgonjwa analala chali saa moja au mbili saruji ikimalizia kukomaa. Pingili moja kwa kawaida haichukui zaidi ya saa nzima.

Kuna tawi la pili, kaifoplasti, lililoanza nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Hapa kabla ya saruji kunaingizwa puto dogo, linajazwa maji yanayoonekana kwenye eksirei, linaisukuma pingili iliyobonyea na kuacha pango. Puto likitolewa, saruji nzito zaidi inawekwa kwenye pango hilo kwa shinikizo dogo. Faida yake ni kwamba saruji huvuja kidogo zaidi kuliko kwenye vetebroplasti, na mara nyingine sehemu ya kimo cha pingili inarudi. Gharama yake ni kubwa zaidi. Katika kutuliza maumivu, njia hizi mbili zimekaribiana sana, kwa hiyo mgonjwa asikoseshwe usingizi na swali la puto.

Sakramu, mfupa unaosahaulika

Chini kabisa ya mgongo kuna sakramu, mfupa wa pembetatu uliotokana na pingili 5 zilizoungana, uliobanwa katikati ya mifupa miwili ya nyonga. Uzito wote wa kiwiliwili unapitia hapo kwenda miguuni. Nao huvunjika kwa mtindo ule ule wa udhaifu, hasa kwa wanawake wazee, kwa watu waliotumia steroidi miaka mingi, na kwa waliowahi kupigwa mionzi ya saratani sehemu za nyonga. Hali hii ilielezwa kwa mara ya kwanza kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1982, na mpaka leo hupitwa kwa urahisi mno.

Hupitwa kwa sababu mbili. Kwanza, maumivu yake hujificha kwenye matako, kwenye kinena au chini ya kiuno, na kuonekana kama ugonjwa wa nyonga au neva iliyobanwa. Mtu anaweza kutibiwa diski kwa miezi wakati mfupa ulio chini yake una ufa. Pili, eksirei ya kawaida mara nyingi haionyeshi kitu, kwa kuwa sakramu imepinda na imefunikwa na kivuli cha utumbo. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ndiyo huuona mvunjiko huo mapema, na CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, huonyesha ufa wenyewe. Kwenye skani ya mifupa ya nyuklia, nyufa mbili za wima zikiunganishwa na moja ya mlalo huchora herufi H, na mwenye uzoefu akiiona hana haja ya kubahatisha.

Sakroplasti, kujaza saruji kwenye nyufa hizo, ilianza kuripotiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazi yake ni ngumu kuliko ya pingili za kiuno, maana sakramu haina vishikizo vya kuongoza sindano, na imetobolewa matundu ambamo hupita neva za miguu, kibofu na njia ya haja kubwa. Ndiyo maana madaktari wengi hupendelea kuifanya kwa kuongozwa na CT. Ushahidi wake mwingi unatokana na kufuatilia wagonjwa waliotibiwa, na wagonjwa hao kwa jumla wamepata nafuu ya haraka na kusimama mapema. Huo ni ushahidi wa kutia moyo, lakini kwa sababu tutakazoziona sasa hivi, ni dhaifu kuliko unavyoonekana.

Tafiti zilipogongana

Kwa zaidi ya miaka 20 vetebroplasti ilienea kwa nguvu ya ushuhuda. Mgonjwa aliyeingia akilia alitoka akitembea; nani angebisha? Lakini mvunjiko huunga wenyewe, na watu huja kutibiwa siku zile maumivu yamefika kileleni, siku ambazo hata bila tiba yangeanza kushuka. Kuna pia nguvu ya matumaini, ambayo katika maumivu ni kubwa sana. Ili kuyatenganisha haya na saruji ilibidi kuwe na kundi linalofanyiwa kila kitu isipokuwa saruji.

Agosti 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili za aina hiyo kwa pamoja. Mmoja uliongozwa na Rachelle Buchbinder nchini Australia, ukiwa na wagonjwa 78. Mwingine uliongozwa na David Kallmes wa Mayo Clinic, Marekani, ukiwa na wagonjwa 131. Wagonjwa wa kundi la kuigiza walilazwa kifudifudi, wakachomwa ganzi mpaka kwenye mfupa, wakasikia mazungumzo yale yale na kuguswa mgongoni. Chupa ya kemikali ya saruji ilifunguliwa ili harufu ijae chumbani. Saruji tu haikuwekwa. Matokeo: makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana.

Kishindo kilikuwa kikubwa. Baadhi ya madaktari walikasirika, wengine waliacha tiba hii kabisa. Wakosoaji walisema mambo ambayo kwa maoni yangu yalistahili kusikilizwa. Tafiti zote mbili zilipokea mivunjiko ya hadi mwaka mmoja, na mvunjiko wa miezi 9 kwa kawaida umekwisha kuunga. Wengi wa walioingia walitibiwa kama wagonjwa wa nje, wakati wale wasioweza kuinuka kitandani ndio wanaoihitaji zaidi. Tena, ganzi iliyochomwa kwenye utando wa mfupa huenda yenyewe ni tiba, hivyo kundi la kuigiza halikuwa la kuigiza tu.

Mwaka 2010 jarida la The Lancet likatoa utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji uitwao VERTOS II, wenye wagonjwa 202 waliokuwa na mivunjiko isiyozidi wiki 6. Vetebroplasti ilishinda tiba ya kawaida ya dawa, na nafuu ilidumu mwaka mzima. Lakini humo kila mgonjwa alijua kama amewekewa saruji au la, kwa hiyo swali la matumaini lilibaki wazi.

Mwaka 2016, tena katika The Lancet, ukaja utafiti wa VAPOUR kutoka Australia. Huu ndio naupa uzito zaidi kwa namna ulivyochagua wagonjwa: 120, maumivu ya 7 au zaidi kwenye mizani ya 10, mvunjiko usiofikisha wiki 6, wengi wao wakiwa wamelazwa. Ulikuwa na kundi la kuigiza, ila ganzi ya kundi hilo iliishia chini ya ngozi. Baada ya siku 14, asilimia 44 ya waliowekewa saruji walikuwa na maumivu yaliyoshuka chini ya 4, dhidi ya asilimia 21 ya wenzao. Faida ilionekana zaidi kwenye lile eneo ambapo kifua kinakutana na kiuno.

Mambo yangekuwa rahisi kama hadithi ingeishia hapo. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha VERTOS IV ya Uholanzi, wagonjwa 180, nao pia wakiwa na mivunjiko ya karibuni, na ganzi ya kundi la kuigiza ikifika kwenye mfupa. Pande zote zilianza na maumivu ya karibu 8 kati ya 10, na baada ya miezi 12 zote zilikuwa zimeshuka kwa takriban pointi 5. Tofauti haikuonekana. Mapitio ya mwaka huo ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha tafiti zote, yalihitimisha kwamba ushahidi hauungi mkono kuitumia vetebroplasti kama tiba ya kawaida.

Ninavyozisoma tafiti hizi, haziruhusu kila pingili iliyobonyea ikimbiziwe saruji. Mgonjwa wa kawaida, anayetembea na ambaye maumivu yake yanashuka wiki hadi wiki, hatapata faida kubwa kuliko ile ambayo muda na ganzi vingempa. Linabaki kundi dogo: mvunjiko mpya, maumivu makali yasiyotulizwa na dawa, mtu aliyelazwa kitandani anayepoteza nguvu kila siku. Kwake ushahidi unaelekea upande wa saruji, ingawa haujafunga mjadala. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, mwaka 2013 iliruhusu vetebroplasti na kaifoplasti kwa watu wa aina hiyo hiyo: wenye maumivu makali yanayoendelea baada ya mvunjiko wa karibuni ambao haujaunga, licha ya tiba bora ya maumivu, na ikathibitika kwa uchunguzi na picha kwamba maumivu yanatoka hapo.

Saratani ni habari nyingine. Pingili iliyoliwa na uvimbe haitegemewi kuunga yenyewe, hivyo muda hausaidii. Mwaka 2011 utafiti mmoja wa wagonjwa 134 wa saratani ulionyesha kaifoplasti ikiwapunguzia maumivu na kuwarudishia utendaji kuliko tiba bila upasuaji. Saruji haiui uvimbe. Mionzi na dawa za saratani zinabaki palepale.

Kuthibitisha kwamba ni huu

Mtu wa miaka 75 anaweza kuwa na pingili 3 zilizobonyea, na moja tu ndiyo inayomuuma. Eksirei ya kawaida haiwezi kusema ni ipi. MRI inaweza, kwa picha maalumu ambazo mafuta ya uboho yamefifishwa: pingili yenye mvunjiko mpya inang'aa kwa sababu ya maji yaliyojaa ndani yake, na zile za zamani zinabaki kimya. Asiyeweza kuingia kwenye MRI kwa sababu ya kifaa cha chuma mwilini hufanyiwa CT pamoja na skani ya mifupa. Halafu daktari anapaswa kuweka mkono mgongoni. Akigonga taratibu kwa ngumi juu ya pingili ile ile inayong'aa na mgonjwa akaruka, picha na mwili vimekubaliana. Visipokubaliana, saruji isubiri. Tusisahau kwamba mgongo wa mzee huuma pia kwa viungo vilivyochakaa, kwa misuli na kwa neva, na vitu hivyo saruji haivigusi.

Wapo wasiofaa kabisa: mwenye maambukizi mgongoni au kwenye damu, mwenye tatizo la damu kuganda lisiloweza kurekebishwa, asiye na maumivu hata kama picha inatisha, na mwenye vipande vya mfupa vilivyorudi nyuma na kubana ugwe mgongo. Miguu ikipooza ghafla, mkojo ukishindwa kutoka au kuzuilika, au ganzi ikijaa sehemu za siri na matako, hiyo ni dharura ya upasuaji na mtu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Madhara

Saruji kuvuja nje ya mfupa ni jambo la kawaida, na mara nyingi halina dalili yoyote. Ikivuja kuelekea neva inaweza kuleta maumivu ya mguu au, mara chache sana, kupooza. Ikiingia kwenye mishipa ya damu inaweza kufika kwenye mapafu. Chembe ndogo hazina neno, bonge kubwa linaweza kuua. Yapo pia maambukizi, kutokwa damu, na mbavu dhaifu kuvunjika kwa kulalia kifua. Kwa wagonjwa wa osteoporosisi mikononi mwa daktari mzoefu, madhara makubwa ni nadra, chini ya mtu 1 kati ya 100. Kwa wagonjwa wa saratani ni zaidi, kwa sababu ukuta wa pingili mara nyingi umekwisha kutoboka. Muulize daktari bila haya amefanya ngapi, na kama atatumia eksirei mbashara mwanzo hadi mwisho. Mwambie pia kuhusu dawa zote unazotumia za kuzuia damu kuganda, na usiziache mwenyewe bila maelekezo yake.

Baada ya plasta kubanduliwa

Hapa ndipo inaponiuma zaidi. Wagonjwa wengi huondoka na pingili moja iliyojazwa, na hakuna aliyewapa tiba ya ugonjwa ulioivunja. Mwanamke aliyevunjika pingili kwa osteoporosisi ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 5 wa kuvunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja. Saruji haibadili hilo. Kama inaongeza uzito kwa pingili za jirani na kuzivunja bado kunabishaniwa, lakini hata bila saruji, jirani zake wana ugonjwa ule ule.

Kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa, mgonjwa aondoke na mpango: kipimo cha uzito wa mifupa, vipimo vya damu vya kutafuta sababu nyingine, vitamini D na kalsiamu zikipungua, na dawa ya mifupa yenyewe. Vidonge vya alendroneti humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na mtu hukaa wima nusu saa bila kulala ili visiunguze koo. Asidi ya zoledroniki huingizwa kwenye mshipa mara moja kwa mwaka. Teriparatidi, inayochochea mfupa mpya, hupewa walio katika hatari kubwa zaidi. Denosumabu huchomwa kila miezi 6, na inahitaji tahadhari: ikiachwa ghafla bila dawa nyingine kushika nafasi yake, mifupa hudhoofika upya kwa kasi na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mfuatano. Nimeona jambo hilo likitajwa kwa sauti ndogo mno mbele ya wagonjwa.

Kutembea kuanze mapema, hata kama ni kutoka kitandani hadi mlangoni, kisha mazoezi ya kunyoosha mgongo na ya kusimama imara chini ya usimamizi wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kuinama mbele kwa kukunja kiuno na kunyanyua mzigo kukiepukwa, pingili zinaepushwa na mzigo mkubwa sana. Mtu ajifunze kukunja magoti. Na kama baada ya nafuu ya wiki kadhaa maumivu makali yakirudi ghafla, juu kidogo au chini kidogo ya pale pa mwanzo, isichukuliwe kwamba saruji imelegea. Mara nyingi ni pingili nyingine, na inastahili MRI yake mpya.